Mwongozo kamili: siku nzima ya kupiga picha Dar kwa miguu, kuanzia Feri alfajiri mpaka pantoni la jioni

Wengi wanaokuja Dar na kamera wanafanya kitu kimoja, wanafungua ramani kwenye simu, wanaweka alama kwenye vivutio alafu wanazunguka kwa kufuata kipi kiko karibu na kipi. Saa saba mchana unamkuta mtu amesimama mbele ya kanisa la Azania Front, jua liko utosini, ukuta mweupe umeungua wote kwenye picha na jasho linadondokea skrini. Kosa sio kamera. Dar unaipanga kwa jua kwanza, ramani inafuata.

Na mji wenyewe umekaa vizuri kwa hilo. Mashariki una bahari wazi ya Ocean Road, kusini una mlango wa bandari na Kivukoni, katikati una mitaa myembamba ya Kisutu yenye kivuli mchana kutwa, na ng'ambo una Kigamboni ambako jioni unageuka unautazama mji jua likizama nyuma yake. Kwahiyo mzunguko wetu ni huu: soko la samaki la Feri alfajiri, Kivukoni Front asubuhi, Kisutu mchana, Samora kuelekea Makumbusho na bustani ya Botaniki, Ocean Road jioni, alafu pantoni. Ni kama kilomita sita au saba za kutembea, Kariakoo ikiingia inaongezeka. Kwa mtu mwenye afya sio mbali, shida ni joto.

Jana yake: maandalizi

Anza na msimu. Masika, Machi mpaka Mei, mvua inaweza kukufungia ndani siku nzima na mitaa ya katikati ikajaa maji. Vuli ni kuanzia Oktoba mpaka Desemba lakini zile mvua zinakuja zinaondoka, na baada ya mvua ya vuli lami inang'aa na anga linakuwa safi kabisa, mimi naipenda kuliko hata Juni. Juni mpaka Septemba ndio kipindi rahisi, kusi inavuma, jua sio kali sana, mawingu ya vipande vipande.

Kuhusu jua lenyewe: Novemba linachomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili asubuhi, Julai linachelewa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Kuzama ni kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo kutegemea mwezi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua likigusa chini linaondoka fasta, mwanga wa bluu wa baada ya machweo unaudaka kwa dakika ishirini hivi, basi. Na mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe kumi za Oktoba jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa, mtu anasimama kwenye kivuli chake mwenyewe, siku hizo kuanzia saa nne mpaka saa tisa sahau kabisa picha za nje za uso wa mtu.

Angalia pia maji. Ratiba za kupwa na kujaa ziko mtandaoni bure. Mwezi mchanga na mwezi mpevu unapata bamvua, bahari inatoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, Ocean Road maji yakipwa unapata ufukwe mpana wenye vidimbwi vinavyoakisi anga. Siku za maji mafu tofauti haionekani sana.

Vifaa, beba kidogo. Kamera moja, lenzi moja ya mm 35 au zuum ya 24-70, betri ya akiba, kadi mbili, pawabenki, kitambaa cha pamba, chupa ya maji. Simu nzuri peke yake inatosha kwa zaidi ya nusu ya siku hii na sehemu nyingine ndiyo bora kuliko kamera. Lile lenzi refu la kupigia simba liache gestini, hapa mjini ukimpiga mtu kwa mbali bila yeye kujua anakuona mpelelezi, na ana haki. Begi liwe la kawaida, lisiwe na jina kubwa la kampuni ya kamera mgongoni. Viatu viwe vya kuloana, na kandambili kwenye begi.

Kitu ambacho wageni wa pwani hawakijui: kama umelala chumba chenye AC, kamera imepoa, ukitoka nayo nje kwenye ule unyevu kioo kinapata ukungu ndani ya sekunde kadhaa na hata kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, unaweza kuingia. Usifute futa. Zima AC saa moja kabla ya kutoka, au itoe kamera ikiwa imefungwa ndani ya begi na uiache humo ipate joto taratibu. Pale alfajiri ya Feri dakika kumi na tano za ukungu ndio dakika zenyewe za jua.

Drone acha nyumbani, inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na katikati ya mji kuna Ikulu, bandari na taasisi za usalama, hujafika popote umeshashikwa. Na kwa ardhini vilevile: Ikulu, wanajeshi, polisi, mageti ya bandari, kambi, usielekeze kamera huko hata kwa utani. Picha za watu kama ni za kwako tu omba kwa mdomo, kama unaenda kuuza kwenye tangazo chukua ridhaa ya maandishi, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kufanya kazi hili sio la kupuuza tena.

Kufika: ukitokea Moro au Dodoma treni ya SGR inakushusha Stesheni, katikati ya mji. Mabasi ya mikoani yanaishia Mbezi, stendi ya Magufuli, pale panda mwendokasi. Gesti za bei ya kawaida zipo Kisutu na Kariakoo, mimi naona Kisutu ni bora kwasababu mchana ukichoka unapanda juu unabadilisha shati unashuka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: Feri

Kituo cha mwisho cha mwendokasi cha Kivukoni kiko hatua chache na soko la samaki, au chukua boda kutoka Kisutu. Muhimu ufike kukiwa bado giza giza. Ukifika saa mbili utapata soko, ndio, lakini boti zimeshashusha na mnada wa kwanza umeisha.

Kwanza usitoe kamera. Najua mikono inawasha. Ingia, zunguka, kunywa chai, angalia nani anafanya nini, alafu nenda ofisi ya soko ujitambulishe, sema wewe ni mpiga picha, unataka kupiga watu wakiwa kazini. Wakati mwingine watakwambia sawa tu pita, wakati mwingine watakupa kijana wa kutembea na wewe, mshukuru kwa elfu kadhaa mwishoni. Huyo kijana ni dhahabu, anajua nani mkali na nani anapenda picha.

Maana utasikia tu, "Oya kamera! Unatupiga picha unatulipa shingapi?" Usikasirike wala usianze kujieleza kama uko mahakamani. Jibu kwa utani, salimia, "Kaka mambo vipi, mi mtafutaji kama wewe tu bana." Kama kuna mzee anza na shikamoo, hiyo shikamoo inafungua mlango kuliko barua ya wizara. Akisema hapana ni hapana, sema "haina shida boss" na uondoke kweli, usijifanye umeondoka alafu unapiga ukiwa nyuma ya nguzo. Wameshawaona wa hivyo.

Sasa mwanga. Jua linatokea upande wa bahari, kwahiyo pale ufukweni boti na wabebaji wanakuwa mbele ya jua, unapata vivuli vyeusi vya watu wakitoka kwenye maji na matenga kichwani. Pima mwanga kwenye anga, acha watu wawe weusi, subiri miguu ya mbebaji iwe imeachana ndio ubonyeze, miguu ikibanana mtu anageuka gogo. Kama maji yamekupwa wanatembea mbali ndani ya maji na unapata muda wa kuchagua, maji yakijaa boti zinasogea karibu kila kitu kinaenda haraka. Ukiridhika na vivuli geuka mgongo kwa jua, sasa sura zote zina mwanga wa dhahabu na hiyo inadumu nusu saa tu.

Ndani ya soko ni mambo mengine. Paa linaleta giza, nje kunawaka, kamera inachanganyikiwa. Panda ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka 1600 au 3200 bila woga, kasi ya shata isishuke 1/250 ya sekunde maana pale hakuna anayetulia, alafu simama katikati ukitazama ndani, mwanga wa nje uingie kwa pembeni. Mnadani dalali anasimama karibu na meza, fungu la changu au kolekole limemwagwa, bei zinatajwa haraka haraka mpaka mgeni huelewi nani kashinda. Wengi wanapiga samaki. Piga wanunuzi, wale kina mama wa mama ntilie wanaokagua macho ya samaki kwa kidole na kukunja uso wakisikia bei, uso ule ndio mnada wenyewe.

Alafu kuna wapaa samaki. Hapa kaa muda mrefu. Kijana ana kisu kwenye mkono mmoja, mkono mwingine kashika mkia wa changu, anapaa kutoka mkiani kwenda kichwani na magamba yanaruka juu yanameremeta kwenye ule mwanga wa pembeni. Shuka chini usawa wa meza, weka mwanga nyuma ya magamba, shata 1/1000, piga mfululizo. Ila ujue yatakurukia. Gamba likikauka kwenye kioo cha lenzi linang'ang'ania, usilikwangue kwa kucha, lowesha kitambaa kwa maji safi, liwekee juu lilainike, alafu futa polepole. Ndio maana filta ya bei rahisi mbele ya lenzi siku ya Feri ina kazi.

Kabla ya kuondoka kunywa supu ya pweza, ni kifungua kinywa na ni namna ya kuwaungisha watu uliowasumbua.

Saa mbili mpaka saa nne: Kivukoni Front

Toka Feri elekea magharibi, bandari iko kushoto kwako, jua liko mgongoni. Tembea upande wa baharini. Kamera ining'inie upande wa mbali na barabara, mkanda uwe mfupi na umepita shingoni mpaka kwapani, maana wale wa kukwapua kutoka kwenye boda hawachagui mwenyeji na mgeni. Simu usiongee nayo ukiwa pembezoni mwa lami.

Azania Front, kanisa la Kilutheri la Wajerumani lililoanza kujengwa 1898 na kumalizika 1902, kuta nyeupe na vigae vyekundu, saa hizi mwanga unalipiga kwa pembeni na ule mnara unajitokeza. Kamera ikiona ukuta mweupe inadhani mwanga umezidi na inautia ukijivu, ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu au stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, isigonge ukingo wa kulia. Sura ya mtu mweusi mwenye kanzu nyeupe ni vilevile, pima kwenye uso, kanzu utaitunza baadaye kama unapiga RAW, yaani faili ghafi. Sisi tumeharibiwa sura zetu na mita za kamera kwa miaka mingi, usiiamini mashine kuliko macho yako.

Mbele kidogo Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Katoliki la kipindi hichohicho, mnara mrefu wa kigothi. Ndani kuna vioo vya rangi na ubaridi mzuri, lakini kama misa inaendelea kaa chini usali au utoke, shata ya kamera ndani ya lile kanisa inasikika mpaka altareni. Kuna pilikapilika za abiria wa boti za Zanzibar hapo mbele, mabegi, watoto, wabeba mizigo, ni sehemu nzuri kwa picha za safari ila mapapasi watakuganda wakidhani unatafuta tiketi.

Alafu Old Boma, kona ya Sokoine na Morogoro Road. Hili ni kati ya majengo ya zamani kabisa ya mji, lilijengwa kati ya 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa mbao wa Kizanzibari. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo cha DARCH, ingia uone maonyesho yao maana yatakusaidia kuelewa unachokwenda kuona Kisutu. Picha ya mlango usiipige kwa mbele, simama pembeni karibu na ukuta ili mwanga upite juu ya nakshi na kila shimo lipate kivuli chake. Na ukichutama upande wa pili wa barabara unaweza kuliweka Boma chini na yale maghorofa mapya ya vioo juu yake, miaka mia na hamsini ya Dar kwenye fremu moja. Imepigwa sana hiyo, lakini piga tu.

Saa nne na nusu mpaka saa nane: Mnara wa Saa na Kisutu

Mnara wa Saa wa mwaka 1961, uliowekwa Dar ilipopewa hadhi ya jiji, upite haraka, mchana haukupi kitu zaidi ya kumbukumbu. Ingia ndani mitaa ya India, Zanaki, Jamhuri, Libya, mpaka Kisutu.

Hapa ndipo mchana unageuka kuwa rafiki. Mitaa ni myembamba na majengo ni marefu, jua likipiga ukuta wa upande mmoja linarudi likiwa laini upande wa pili, kwahiyo wewe usitafute jua, tafuta ukuta mweupe au wa njano unaowaka, alafu geuka uangalie kilicho mbele yake. Mtu aliyesimama hapo anapata mwanga wa studio bure. Inua na kichwa: majengo ya Wahindi ya zamani yana balkoni za zege zilizopinda, na juu kabisa wengi waliandika jina la familia au la jengo na mwaka. Yanaondoka kila mwaka, leo balkoni kesho mabati ya mkandarasi, kwahiyo kama una muda wa kitu kimoja tu Dar nzima mimi ningesema piga haya, moja moja, kwa utulivu, mistari ikiwa imenyooka, tundu la lenzi f/8, na andika mtaa. Feri itakuwepo.

Kwenye mahekalu ya Mtaa wa Kisutu vua viatu, uliza kabla ya kuingia, na ndani kamera ikae chini mpaka uambiwe.

Kwenye kona tafuta muuza kahawa. Ana birika lake juu ya jiko dogo la mkaa, vikombe vidogo vya udongo mweupe kwenye ndoo ya maji, anavigonga kwa vidole mlio unasikika mtaa wa pili. Wazee wamekaa kwenye benchi wanacheza drafti. Usisimame mbele yao na kamera. Kaa. Agiza kahawa na kashata, kunywa, chungulia drafti, ukijua kucheza toa ushauri mbaya wakucheke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee naomba nikupige picha wakati unamimina."

"Picha ya nini? Inaenda wapi?"

Hapo ndio wapiga picha wengi wanaanza kudanganya. Sema ukweli, inaenda kwenye ukurasa wangu, au naiweka kwenye maonyesho, au ni ya kwangu tu. Mzee akikubali usimpange. Mwache amimine wateja wawili watatu wa kwanza ukiwa unapiga hovyo ili achoke kukuangalia, kuanzia kikombe cha nne mkono wake unarudi kwenye kazi, na mvuke ule ukipata ukuta wa kivuli nyuma yake unaonekana vizuri. Mvuke mbele ya ukuta unaowaka haupo, hamna kamera itakayouona.

Kula hapohapo. Mishkaki, sambusa, chipsi, au ingia kwa mama ntilie upate wali na samaki wa nazi, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kunywa maji hata kama huna kiu. Kati ya saa saba na saa nane mimi napumzika kabisa, nafuta lenzi, nachaji, nafuta picha mbovu. Huyo anayetembea bila kupumzika saa kumi jioni, wakati mwanga mzuri unarudi, anakuwa anaangalia kiti tu.

*Kariakoo uende au usiende?* Kama ni mara yako ya kwanza na uko peke yako, nenda na simu tu, kamera iache gestini. Msongamano ni mkubwa, mikokoteni inapita, mtu akikugonga hujui kakugonga au kakuingia mfukoni. Ila jengo la soko lenyewe lina thamani: alilichora Beda Amuli, likajengwa miaka ya sabini, na paa lake la zege ni kama miavuli iliyogeuzwa juu chini ili ikusanye maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na kukarabatiwa. Kutoka chini ukitazama juu yale maumbo yanakupa picha ambayo haifanani na mji mwingine. Alafu rudi, usishinde huko.

Saa nane mpaka saa kumi: Samora, Makumbusho, Botaniki

Rudi Samora uinyooshe kuelekea mashariki. Katikati utakutana na sanamu ya Askari, ya shaba, imesimama pale tangu 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya kwanza, na kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann iliyong'olewa Waingereza walipouchukua mji 1916. Soma maandishi, yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa mpaka kwa herufi za Kiarabu. Magari yanazunguka muda wote kwahiyo geuza kero iwe picha: shata 1/8 au 1/15 ukiwa na filta ya kupunguza mwanga, egemea nguzo, askari atatulia na daladala zitakuwa mistari ya rangi.

Makumbusho ya Taifa Mtaa wa Shaaban Robert ni pa kupumzisha mwili zaidi, beba kitambulisho maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni sio kimoja, na uliza utaratibu wa kamera getini. Bustani ya Botaniki iko jirani, Wajerumani waliianzisha 1893, kuna miti mikubwa ya zamani na tausi wanaojitembelea wenyewe. Tausi mpige akiwa kwenye jua dogo linalopenya majani na nyuma yake kuwe na giza la mti, punguza mwanga kwa stopu moja, shingo ile ya bluu inawaka yenyewe.

Saa kumi mpaka saa kumi na moja na robo: Ocean Road

Toka Botaniki shuka mpaka Barack Obama Drive, watu bado wanaiita Ocean Road. Ile hospitali nyeupe ya Wajerumani ya 1897 yenye minara leo ni taasisi ya saratani, jengo ni zuri sana, lakini ni hospitali, kuna wagonjwa na ndugu zao, hapo mimi kamera inapita tu.

Ufukweni sasa jua liko nyuma yako upande wa mji, bahari mbele inakuwa ya kijani na bluu na kila mtu anayecheza mpira mchangani ana mwanga usoni. Jumapili ni watu watupu, familia, maji ya madafu, watoto wamevua mashati. Watoto usiwapige bila mzazi kuona na kukubali, nenda kwa mama kwanza. Maji yakiwa yamekupwa weka kamera chini kabisa karibu na kidimbwi upate mtu mara mbili. Upepo wa hapa una chumvi, usibadilishe lenzi, na ukimaliza pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi kwanza ndio kikavu kifuate.

Kutoka hapa kwenda Feri njia fupi inapita ubavuni mwa Ikulu. Usipite huko na kamera mkononi, na simu pia weka mfukoni. Mimi huwa narudi ndani mpaka Samora naibukia Kivukoni Front, ni mzunguko kidogo lakini nalala kwangu.

Saa kumi na moja na nusu: pantoni na Kigamboni

Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, uwe na N-Card, kadi ya kulipia nauli, ili usianze kuhangaika getini. Saa hizi watu wanatoka kazini, banda la kusubiria linajaa mpaka unahisi pumzi ya jirani. Begi libebe kifuani. Walinzi wapo, usitoe kamera humo bila kuuliza, ukikataliwa tulia tu, safari yenyewe ni dakika chache na mlango wa bandari ni mwembamba.

Ukishuka Kigamboni toka kwenye vurugu za boda na daladala, tafuta sehemu ya ufukwe yenye watu inayoutazama mji. Kigamboni kuna kambi ya jeshi la majini, ukiona uzio na mabango geuka. Sasa unaona kwa nini tumeacha hii mwisho: jua linazama nyuma ya maghorofa, minara pacha ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, jengo la Bandari, ule mnara wa Mtakatifu Yosefu mdogo kabisa katikati yao. Piga vivuli wakati jua linagusa paa, alafu usiondoke. Wengi wanafunga begi hapo. Subiri dakika kumi, taa za mji zinaanza kuwaka na anga bado lina bluu, taa na anga vinakuwa na nguvu sawa. Weka kamera kwenye ukuta au juu ya begi kama huna stendi, taima ya sekunde mbili, ISO 100, f/8, anza na shata ya sekunde mbili uongeze kadri giza linavyoingia. Pantoni likipita linaacha mstari wa taa juu ya maji. Una dakika ishirini hapo, usizitumie kuangalia skrini.

Ukimaliza usikae mwenyewe gizani. Rudi na pantoni pamoja na watu, au kama foleni imekuwa ndefu chukua daladala upite Daraja la Nyerere utokee Kurasini.

Usiku gestini

Hamisha picha sehemu mbili kabla ya kuoga, kadi usiiformati mpaka ufike nyumbani. Andika maelezo ukiwa bado unakumbuka, mtaa gani, saa ngapi, jina la mtu kama alikupa, hasa yale majengo ya Kisutu. Alafu fungua WhatsApp uwatumie picha wote walioomba, usiku huohuo, usiseme kesho. Watumie kama dokumenti maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa inakuwa na ukungu, na mzee wa kahawa mtumie kupitia mjukuu wake kama simu yake ni ya tochi. Ukirudi Feri mwezi ujao yule mpaa samaki atakuita kwa jina na kukutafutia nafasi mbele ya meza.